Barua za Wasomaji: Malori ya Nakshi ya Ulaya

Kapu la barua mwezi huu limejaa malori. Si malori ya kawaida, bali yale ya nakshi yanayopita kwenye barabara kuu za Ulaya yakiwa yamechorwa kuanzia bampa hadi mgongo wa kichwa, taa zimepangwa juu kama shanga. Wengi walioandika ni madereva wenye gari zao wenyewe, wale ambao Uholanzi huitwa eigen rijder na Italia padroncino. Tumechagua maswali ambayo kosa lake hugharimu fedha nyingi.

SWALI: Nina kichwa cha mwaka 2017. Nimefunga taa nne za mbali juu na taa ndogo 40 za rangi ya chungwa, nyingine mbele kwenye paji la kichwa na nyingine ubavuni mpaka kwenye tela. Dashibodi inaniletea onyo la taa kila siku, na mara mbili nimeamka asubuhi stata haigeuki. Friji ya volti 12 nimeichukulia umeme kwenye betri moja. Nimekosea wapi? – Dereva, Gothenburg, Uswidi

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na friji, maana hiyo ndiyo itakayokulaza njiani. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo ili kupata volti 24. Ukichukua umeme kwenye moja, hiyo moja inafanya kazi kila siku na mwenzake amekaa. Injini ikiwaka, altaneta inazichaji zote mbili kwa mkondo uleule: iliyochoka haijai, na ile iliyopumzika inapewa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka na kukauka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Kipimo cha jumla kinakuficha jambo hili. Unapima unaona volti 24.6, unaridhika, kumbe moja ina 12.8 na nyingine 11.8. Zima kila kitu, acha gari saa nne au tano, kisha pima kila betri peke yake. Tofauti ikizidi volti 0.2, ugonjwa umeshaanza. Nunua kibadilishaji cha volti 24 kwenda 12, chenye uwezo wa mara moja na nusu ya matumizi ya friji, kiungwe kwenye volti 24 kamili na kiwe na fyuzi yake. Betri ukibadilisha, badilisha mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja.

Sasa taa ndogo. Kama ni balbu za wati 5, taa 40 ni wati 200. Gawa kwa 24 upate ampea 8.3. Pumziko la kawaida la siku chini ya kanuni ya Ulaya namba 561 ya 2006 ni saa 11. Ukiziacha ziwake muda wote huo zimekula ampea-saa 91. Malori mengi ya safari ndefu yana betri za ampea-saa 225 hivi, na hapo hujahesabu hita ya usiku wala friji. Asubuhi ya barafu betri hiyohiyo hutoa sehemu tu ya nguvu zake, na mafuta ya injini yamekuwa mazito. Usishangae stata kugoma. Taa za LED za wati 1.5 kila moja zitakushusha hadi ampea 2.5, yaani ampea-saa 27 na nusu kwa usiku mzima. Hata hizo zipe swichi yake, pamoja na kifaa kinachokata umeme volti zikishuka hadi 24.2.

Onyo la dashibodi linatokana na mahali ulipounga. Kompyuta ya gari hupima mkondo unaokwenda kwenye kila taa ya kiwandani. Ukiongeza balbu kwenye waya huo inaona mzigo umezidi; ukiweka LED inaona mkondo mdogo mno na kudhani balbu imekufa. Usiukate waya wa taa kubwa. Gari lina soketi ya watengeneza bodi, yaani plagi ya kiwandani ya kuungia vifaa vya ziada, na humo mna ishara ya taa za mbali. Ishara hiyo iamshe relei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, nayo relei ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi. Chagua relei yenye daiodi ndani, kwa sababu koili ikizimwa hurudisha mpigo wa volti ambao huharibu vifaa vya kompyuta.

Kwa taa zako nne, kama ni halojeni za wati 70, mzigo ni wati 280, karibu ampea 12. Kutoka betri hadi paji la kichwa tuseme ni mita 8, kwenda na kurudi 16. Waya wa milimita za mraba 2.5 utapoteza volti 1.3 njiani, na halojeni inayopungukiwa volti kiasi hicho hupoteza zaidi ya moja ya sita ya mwanga wake. Wengi hapo hununua taa kubwa zaidi, ilhali walichohitaji ni waya mnene. Weka wa milimita 6, upotevu ushuke hadi volti 0.6. Fyuzi iwe ya ampea 20, na ikae karibu kabisa na betri, si karibu na taa: kazi yake ni kuulinda waya, na sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Nyaya zifuate njia ya zile za kiwandani pale kichwa kinapopinduka mbele, zikiwa na ulegevu wa kutosha. Usipoacha ulegevu, siku fundi atakapokiinamisha kichwa zitanyofoka zote. Tundu lolote unalolitoboa kwenye bati liwekwe raba, na waya wa kurudi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa washa (pete ya bolti) yenye meno, kisha upakwe grisi.

Kuhusu sheria: kanuni ya pamoja ya Ulaya ni nyeupe mbele, chungwa ubavuni, nyekundu nyuma. Kwa hiyo zile za paji lako zinazotazama mbele zingepaswa kuwa nyeupe. Taa za mbali nazo zina kikomo cha jumla, na hesabu yake imechapwa kwenye kioo cha taa yenyewe. Chuchumaa mbele ya taa utazame: utaona herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, 5 ikiwa Uswidi, 4 Uholanzi, 1 Ujerumani. Karibu yake kuna namba nyingine kama 17.5, 30 au 37.5. Jumlisha namba hizo kwa taa zote za mbali zinazowaka kwa wakati mmoja, zisizidi 100. Taa mbili za kiwandani za 17.5 ni 35. Ukiongeza mbili za 30 unafika 95, uko salama. Ukiongeza nne za 37.5 umefika 185. Wenye taa nyingi kuliko hapo huzigawa kwa swichi, nyingine zikabaki kwa ajili ya maonyesho tu, gari likiwa limesimama. Taa isiyo na alama ya E usiinunue hata ukipewa nusu bei.

SWALI: Mimi mzaliwa wa Lamu, naendesha lori langu Uholanzi. Nataka milangoni na nyuma ya kichwa pachorwe jahazi na mji wa Lamu. Rafiki yangu alichorewa gari lake, mwaka haukuisha picha ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nifanyeje yangu idumu? – Msomaji, Rotterdam

JIBU: Wazo zuri sana, na tungependa kuliona jahazi hilo likipita kwenye lami ya Rotterdam. Picha ipangwe kwanza juu ya gari lenyewe, si juu ya karatasi. Mlango una mpini, una mstari wa kufungukia, na chini yake kuna kifuniko cha boksi la vifaa. Sura ya mtu ikikatwa na mstari huo itaonekana kama kovu. Mlingoti wa jahazi ukisimamishwa sambamba nao, mstari unapotea machoni. Kingo za ndani za mlango zichorwe pia, la sivyo kila ukifungua unaonekana ukanda mtupu. Mgongo wa kichwa usiupe picha bora. Huko ndiko kwenye mipira ya hewa ya tela, grisi na masizi, na vizuia-upepo vya pembeni vinaufunika. Bampa nalo hupigwa mawe kila siku, kwa hiyo lipe mawimbi ya bahari ambayo fundi yeyote anaweza kuyarudia. Ukiweka hapo minara na watu, kila ajali ndogo itakurudisha kwa mchoraji yuleyule.

Kubanduka kwa ganda zima karibu siku zote ni kosa la maandalizi. Osha, kausha, kisha futa kwa kiondoa mafuta ukitumia vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinafuata kabla dawa haijakauka yenyewe. Fanya hivyo kabla ya msasa, kisha urudie baada yake, maana msasa husukuma mabaki ya nta na silikoni ndani ya mikwaruzo. Piga msasa namba 500 mkavu, au 800 wa maji, mpaka mng'ao wote ufe. Tazama kwa taa ya pembeni, hasa kuzunguka vishikizo na kwenye mikunjo ya bati. Kila doa linalong'aa ndipo ganda litakapoanzia.

Kisha rangi ya msingi, halafu mchoro kwa brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.2 hadi 0.5 na mgandamizo wa bar 1.5 hadi 2. Tabaka ziwe nyembamba. Rangi ikionekana imelowa, imezidi. Utepe mwembamba wa kukingia mistari uvuliwe rangi ikiwa bado laini kidogo, ukivutwa kurudi nyuma juu yake wenyewe, ili ukingo usikatike meno. Mchoro ukikauka kabisa pulizia tabaka mbili za vanishi, ile mafundi wetu huiita klia. Iache siku nzima kwenye nyuzi 20, pitisha msasa 800 ili kusawazisha vile vingazi vya rangi unavyovisikia kwa ncha ya kidole, kisha pulizia tabaka mbili za mwisho. Vumbi lililotua linaondolewa kwa msasa 2000 na 3000, halafu pasta ya kung'arishia.

Vanishi ikipuliziwa juu ya rangi ya maji ambayo haijakauka, unyevu unanaswa chini yake na picha inapata ukungu, kisha inaachia. Ikipuliziwa nene kwa haraka, kiyeyusho chake kinatoka kwa kutoboa na kuacha vijipovu kama punje za mtama. Vishimo vya duara ni silikoni. Haviponi kwa kuongeza vanishi, inabidi kukwangua na kuanza upya. Kabla hujalipa muulize fundi anavaa nini. Dawa ya kugandisha vanishi hiyo ina isosayanati, kemikali ambazo huweza kuleta pumu ya maisha. Fundi aliyevaa kitambaa usoni badala ya barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira anajiua taratibu, na hatutakushauri umpe kazi.

Baada ya kazi kaa wiki nne bila kupaka nta. Uoshaji uwe wa mkono, kwa sabuni isiyo kali. Zile brashi kubwa za mashine, pamoja na chumvi ya barabarani ya majira ya baridi, ndizo zinazoifubaza vanishi mapema kuliko jua.

SWALI: Je, kila nchi ina mtindo wake? – Mwanafunzi wa ufundi, Tanga

JIBU: Ndiyo, na mtu aliyezoea hutambua lori lilikotoka kabla hajasoma namba yake. Waholanzi wanapenda mistari na herufi za mkono zenye kivuli, kofia kubwa ya kioo cha mbele, na sanduku la taa lenye jina la mwenye gari. Wadenmaki wanajulikana kwa ndani ya kichwa, kwa kile kitambaa kinene cha maua kiitwacho plashi. Waswidi na Wafini ni watu wa picha kamili za brashi ya hewa na taa nyingi za mbali, na taa hizo zina sababu: usiku wa msituni ni mrefu na kulungu wakubwa wa kaskazini huvuka barabara. Waitalia ni stenlesi iliyosuguliwa hadi inaakisi uso. Gari linalopendwa na wapambaji wengi wa nchi hizi ni Scania ya silinda 8, injini iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na lita 14 na nguvu za farasi 350. Mwaka 2020 ilifika 770. Ukitaka kuyaona mengi mahali pamoja, kuna maonyesho ya Assen nchini Uholanzi, ya Härmä nchini Ufini, na msafara wa malori ya nakshi wakati wa mbio za malori za Le Mans, Ufaransa.

SWALI: Nimefunga bomba kubwa la stenlesi mbele ya bampa. Tangu hapo breki ya dharura inatoa hitilafu, na kwenye maungio pametokea kutu. Niliambiwa stenlesi haishiki kutu! – Dereva, Antwerp, Ubelgiji

JIBU: Malori mapya mazito yalianza kulazimishwa kuwa na breki ya dharura ya kujiendesha mwezi Novemba 2015, na rada yake mara nyingi iko katikati ya bampa, chini. Haioni kupitia chuma. Bomba, taa, hata sahani ya jina ikipita mbele yake, au bampa likipakwa rangi yenye chembechembe za metali mahali rada ilipojificha, inapofuka au inaona gari lisilokuwepo na kupiga breki ghafla. Hili la pili linaua. Ondoa bomba leo, nunua lile lililokatwa nafasi ya rada kwa modeli yako, kisha rada isawazishwe upya kwa mashine.

Kutu ina vyanzo viwili. Ukisugua stenlesi kwa sufi ya chuma, au kwa brashi iliyowahi kugusa chuma cha kawaida, unaacha chembe za chuma ambazo ndizo zinazooza. Na pale bolti ya stenlesi inaposhika alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, unaona unga mweupe. Weka washa za nailoni na grisi maalumu ya nyuzi za bolti. Kwa barabara za chumvi dai stenlesi daraja la 316. Ile ya 304 ni rahisi, lakini huota madoa ya kahawia mapema.

Na ukiwa na kipimo mkononi, pima urefu wa kwenda juu pia. Nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu mita 4.00, na vichwa virefu vya kisasa vimebakiza sentimita chache tu. Taa na honi za juu zinahesabika.

SWALI: Polisi wa Ujerumani walinizuia hadi nikang'oa sahani yangu ya jina yenye taa kwenye kioo. Uholanzi hawajawahi kuniuliza. Wana haki? – Dereva, Eindhoven

JIBU: Wana haki. Kanuni ya magari ya Ujerumani inaruhusu tu taa zilizoamriwa au zilizotajwa kuwa halali. Kisichotajwa hakiruhusiwi, hata kama hakimsumbui mtu. Kuzima hakutoshi kila mara, kwa hiyo iwe ya kuchomoka: plagi na vibana viwili, itoke kwa nusu dakika kabla ya mpaka. Vivyo hivyo taa za bluu. Meza za mbao na pazia zenye vishada kwenye kioo zitazame kwa jicho hilohilo, kwa kuwa ndizo zinazomficha mwendesha baiskeli aliye mbele ya bampa. London, tangu Oktoba 2024, lori la zaidi ya tani 12 linatakiwa liwe na nyota tatu kwenye kipimo cha kile dereva anachokiona moja kwa moja kutoka kitini, au vifaa vya ziada vya usalama.

SWALI: Nakshi imenigharimu fedha nyingi. Bima italipa gari likiungua? – Mwenye gari, Aarhus, Denmaki

JIBU: Usipoiambia, italipa thamani ya lori la kawaida la umri huo. Mlete mthamini anayetambuliwa na kampuni yako ya bima, aandike ripoti yenye picha za kila upande, stakabadhi na namba za rangi, na thamani hiyo iingizwe kwenye mkataba. Kama gari ni la mkopo au la kukodi, pata ruhusa ya maandishi kabla ya tone la kwanza la rangi. Na kwa anayeanza: sheria ya Ulaya inadai mwenye malori mazito aonyeshe uwezo wa euro 9,000 kwa gari la kwanza na 5,000 kwa kila linaloongezeka. Fedha hizo zitenge kwanza, nakshi ifuate.

SWALI: Nimeona kichwa kilichotumika Uingereza, usukani kulia, kimepambwa vizuri na bei yake ni ya chini. Nataka kukileta Dar es Salaam. Nikague nini? – Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Kaka, ukiona gari la nakshi linauzwa chini ya bei ya lisilo na nakshi, jiulize chini ya rangi kuna nini. Mtume mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi. Bati la kiwandani lina maikroni 100 hadi 150 hivi, lililochorwa hufika 300 na zaidi, nalo ni jambo la kawaida. Lakini sehemu inayosoma zaidi ya 1,000 imejazwa puti, ile ya kusawazishia bati lililobonyea, maana yake iligongwa. Vipande vya plastiki kipimo hicho huwa hakivisomi, asikuletee namba za bampa.

Kisha apande juu ya kichwa. Taa za paa zikiwa zimeondolewa, matundu yake huzibwa kwa silikoni, na silikoni iliyozeeka huvuja. Ainue godoro la kitanda cha juu na kubonyeza dari kwa kidole kwenye pembe. Ikibonyea au ikinuka uvundo, maji yameingia miaka. Afungue boksi la fyuzi ahesabu nyaya zisizo za kiwandani, hasa zile zilizokatwa na kufungwa kwa utepe mweusi. Waya mmoja ulioachwa na umeme ndani yake, ukisuguana na fremu kwenye barabara ya vumbi na mitikisiko, unatosha kuunguza kichwa kizima. Kabla gari halijapakiwa melini kila waya wa namna hiyo ufuatwe hadi mwanzo wake, uchomolewe pale kwenye betri au relei, na utolewe wote.